Diski Ndogo, Huzuni Kubwa

Sehemu ya tisa: Pikapu ya Mahari

Juma lililopita tulimwacha Papa Apollinaire amesimama katikati ya kiwanja chake, mdomo wazi, mbele ya wageni waliovaa vizuri. Wiki nzima watu wamenisimamisha sokoni kuniuliza kama ameufunga. Bado hajaufunga.

Na ungekuwa wewe, ungeufunga? Sindano imeteremka juu ya diski anayoipenda kuliko diski zote za dunia. Amengoja sauti nzito ya Mzee Majonzi, mfalme wa blues. Badala yake ametoka mwanamke.

Mwanamke mzima, sauti nyembamba, ya haraka, na nyuma yake ngoma zinarukaruka. Mbuzi wa mahari ameanza kutikisa kichwa.

Kwa yule aliyenunua gazeti hili kwa ajili ya kufungia samaki, akaanza kulisoma kwa bahati mbaya, nitamweleza upesi.

Papa Apollinaire ni karani wa ofisi ya reli, biro kama tunavyosema hapa Kalemie, miaka ile ya Zaire. Kazini anaitwa Citoyen, yaani Mwananchi, na anavaa abakosti, koti la serikali lisilo na tai, iliyofungwa hadi kooni. Jina la ubatizo, ambalo serikali imelipiga marufuku, analiacha mlangoni, analiokota tena akirudi nyumbani. Siku ya Mungu, baada ya misa, yeye ni prezida wa klabu ya wapenzi wa soul na blues.

Wanachama wote ni wanaume. Wanakaa kwenye viti vya kukunja, wanafunga macho, wanasikiliza nyimbo za Kiingereza, kisha wanatoa maoni. Kiingereza hakuna anayekijua. Jambo hilo halikuwahi kuwazuia. Tena nadhani liliwasaidia.

Ile diski ndogo ilikuja kwa meli kutoka Kigoma. Wakati wa kupakua ikaanguka majini, na karatasi ya katikati yenye jina la mwimbaji ikabanduka. Klabu ikafanya mkutano wa kumbatiza. Akaitwa Mzee Majonzi. Papa Apollinaire akaenda kwenye redio ya mji, akaeleza kwamba sauti nzito namna ile haipati mtu mpaka amezika wake watatu. Isidore, vise-prezida, muuza mawese, yeye akazidisha. Akaapa kwamba alikutana na Mzee Majonzi bandarini Kigoma, wakanywa bia, na mzee akalia.

Kwenye pikapu ya zamani ya klabu, yaani ile mashine ya kupigia diski, diski kubwa zilitembea kawaida na diski ndogo zote zililia polepole. Basi Papa Apollinaire akapata falsafa, akaipaka rangi ukutani: DISKI NDOGO, HUZUNI KUBWA. Kubwa ni soul, ndogo ni blues. Rumba haikukanyaga pale kabisa. Tena aliapa kwamba mpenzi wa rumba hataoa kwake.

Kulikuwa na sheria nyingine: mwanamke asitoe maoni, maana sauti ya mwanamke haina uzito wa kubeba soul. Binti yake Emilie aliwahi kusema kwamba Mzee Majonzi anaimba kama mtu mwenye kusinzia. Alitolewa kiwanjani siku ileile. Tangu hapo anawakaangia ndagala, dagaa wa ziwani, kimya.

Leo anaposwa. Mchumba ni Florent, mfanyabiashara wa ziwani, mtu wa pwani ya kaskazini, ambaye kila Siku ya Mungu huketi na klabu akiwa amefumba macho. Papa Apollinaire aliomba blanketi, jembe, mbuzi na pikapu mpya. Florent ameileta kutoka Kigoma juu ya mapaja yake, kama mama aliyebeba mtoto mgonjwa.

Kwa ukoo wa Papa Apollinaire, kila kitu cha mahari kinajaribiwa mbele ya watu, na baba wa binti anakitaja jina. Shangazi Séraphine, dada wa Papa Apollinaire, amekunjua blanketi juani. Jembe amelipiga kwa jiwe. Mbuzi amemfungua kinywa. Kitu kimoja kikikataliwa, vyote vinarudi. Na Papa Barthélemy, baba mdogo wa Florent na msemaji wake, ameshasema: meli yao inaondoka kesho, naye hapigi magoti mara mbili kwenye mlango mmoja.

Basi, sasa umejua. Turudi kwenye ule mdomo.

"Zima," ulisema mdomo.

Florent akainua sindano. Mbuzi akaacha kutikisa kichwa.

"Hii pikapu ni mubovu," Papa Apollinaire akasema.

"Papa, ni mupya. Nimefungua boksi yake hapa mbele yenu."

"Kitu mupya inaweza kuwa mubovu. Mie naweka mwanaume, yenyewe inatoa mwanamuke. Walikuuzishia mashini ya kugeuza watu."

Wanachama wakaitikia. Mmoja wa nyuma akasema amesikia habari za mashine za namna hiyo, zipo, ziko upande wa Bujumbura.

Papa Barthélemy akakohoa kwa heshima. "Prezida, tusamehe. Siye ni watu wa ziwa. Motere ya mutumbwi ikilia vibaya, tunaangalia motere. Lakini mbele ya motere, tunaangalia kwanza mwenye kuiwasha."

"Unataka kusema mie sijue kuweka diski?"

"Sijasema. Nimesema motere."

Papa Apollinaire akanyoosha kidole. Alikuwa amepata silaha yake. "Isidore. Simama. Weye ulikunywa naye bia. Ambia hawa wageni: Muzee Majonzi ni mwanaume ao hapana?"

Isidore alisimama, lakini alichukua muda, kama mtu anayetafuta miguu yake chini ya kiti.

"Alikuwa na koti," akasema.

"Koti namna gani?"

"Koti murefu. Kulikuwa baridi."

"Kigoma baridi?" akauliza Shangazi Séraphine. "Mie nauzishaka ndagala Kigoma tangu ujana. Sijaonaka baridi kule."

"Siku ile ilikuwako."

"Na ndevu, alikuwa nazo?"

Isidore akatazama juu, akatazama bati la nyumba, akamtazama mbuzi. Hakuna aliyemsaidia.

"Sikuangalia ndevu, Mama. Nilikuwa naangalia huzuni yake."

Wanachama wakaguna kwa kuridhika. Lilikuwa jibu zuri, na pale jibu zuri lilihesabiwa kuwa kweli. Papa Apollinaire akageukia wageni, akafungua mikono.

"Mumesikia. Shahidi yuko. Mufunge mizigo yenu."

Ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, Emilie alisikia neno hilo, akaacha kitenge nusu kimefungwa. Alimpenda Florent, sitaki kuzungusha. Alimpenda kwa sababu alikuwa mwanaume wa kwanza kumuuliza yeye anafikiri nini, hata kama swali lenyewe lilihusu chumvi ya ndagala.

Papa Barthélemy akainama kuchukua blanketi. Lakini Florent alikuwa amepiga goti mbele ya pikapu, anaichungulia.

"Papa, ngoja kidogo. Kuko kifungo ya mwendo hapa pembeni. Hapa tranti-trua, thelathini na tatu, ya diski kubwa. Hapa karanti-senki, arobaini na tano, ya diski ndogo. Iko kwenye karanti-senki. Nijaribu kuipeleka huku?"

"Jaribu," akasema Papa Apollinaire kwa dharau.

Florent akasukuma kifungo kwenye tranti-trua. Akashusha sindano.

Akarudi. Mzee Majonzi mwenyewe, mzito, anajikokota, anatoa kila neno kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Kiwanja kizima kikashusha pumzi. Wanachama wakafunga macho. Mmoja akaanza kulia, kwa mazoea tu.

"Njo huyu, ndiye huyu," Isidore akapiga kelele. "Njo yeye. Namujua."

Papa Apollinaire akaishika pikapu kwa mikono miwili. Machozi yalimlenga. "Mukwe wangu," akamwambia Florent, "nisamehe. Pikapu ni muzuri. Pikapu ni muzuri sana. Séraphine, andika moyoni: tumepokea."

Mama Marthe, mke wake, akaanza kigelegele. Nyuma ya pazia Emilie akajifunga kitenge vizuri. Blanketi likarudi chini. Kama Papa Barthélemy angekuwa mtu wa kunyamaza, hadithi ingekwisha hapa na mimi ningetafuta kazi nyingine.

Lakini alikuwa mtu wa ziwa, na mtu wa ziwa akiona kamba imefungwa vibaya lazima aiguse.

"Kumbe ni mutu mumoja," akasema.

"Nani?"

"Huyu muzee na yule mwanamuke. Diski ni ileile, wimbo ni uleule. Mwanamuke akitembea haraka, ni mwanamuke. Mukimukokota, anakuwa muzee."

Kigelegele cha Mama Marthe kikafia katikati. Mzee Majonzi aliendelea kujikokota, lakini sasa hakuna aliyefumba macho.

"Na hii diski ni ndogo," akaendelea Papa Barthélemy, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Florent amesema ndogo ni ya karanti-senki. Ile pikapu yenu ya zamani, kifungo yake iko wapi?"

Papa Apollinaire akaanza kuipangusa pikapu mpya vumbi lisilokuwepo. Mama Marthe akajibu badala yake, maana alidhani anasaidia.

"Ilivunjikaka zamani, siku ileile alipoinunua kwa Mubeleji. Ikabakia kwenye tranti-trua. Apollinaire alisema si kitu, ile kifungo ni ya urembo tu."

Hapo, ndugu msomaji, ungeziona nyuso. Kila mwanachama alianza kuzikumbuka diski ndogo zote alizowahi kuzililia. Yule mwimbaji kipofu wa Jumapili ya Pasaka. Wale ndugu wawili wenye sauti ya kaburi. Wote walikuwa nani? Kumbe blues yote ya Kalemie ilikuwa soul iliyochoka.

"Zima," Papa Apollinaire akasema kwa mara ya pili.

Florent akazima.

"Nimebadilisha maneno. Pikapu nakataa. Na vyote vinarudi."

"Apollinaire," Mama Marthe akamsogelea, "fikiria mutoto wako."

"Nimeongea kwenye redio, Marthe. Nimesema mbele ya mji muzima kwamba huyu mutu alizika wake watatu. Kama pikapu ni muzuri, mie niko nani? Kesho kwenye biro hata mufagizi atanicheka."

Sitamtetea. Alimpenda Emilie, na kama angepata homa angeuza viatu vyake kumnunulia dawa. Lakini mwanaume aliyezoea kusikilizwa kila Siku ya Mungu anaona kheri binti akose bwana kuliko yeye akose kusikilizwa. Wapo wengi wa namna hiyo, na wengine wanasoma gazeti hili.

Papa Barthélemy akakunja blanketi. Safari hii alilikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama mtu ambaye hatalikunjua tena. Florent akamfungua mbuzi. Fundo likamshinda.

"Ngojeni," Shangazi Séraphine akasema. "Mutoto hajaulizwa."

"Dada, mambo yamekwisha."

"Hayajakwisha. Mie nani aliniuliza, siku yangu? Shangazi yetu. Mara tatu. Na baba alinyamaza, na babu alinyamaza. Kaka, weye pia utanyamaza."

Papa Apollinaire akafungua mdomo, akaufunga. Haya, sasa mnaweza kuniacha nipite sokoni kwa amani. Aliufunga kwa sababu hakuwa na njia. Kwa ukoo wao mali haipokelewi wala hairudi kabla binti hajaulizwa mara tatu mbele ya watu, na wakati huo hakuna mwanaume anayesema kabla yake. Ni siku moja tu ambayo sheria ya klabu haikuwa na nguvu katika kiwanja kile.

Emilie akatoka. Hakutazama chini kama mabinti wanavyofundishwa. Alimtazama Florent, akamtazama mbuzi, akamtazama baba yake.

"Emilie, mutoto wa kaka yangu," akasema Shangazi Séraphine. "Hii mali imekuja juu yako. Tupokee ao irudi? Jibu vizuri, usituletee aibu kesho. Ni mara ya kwanza nakuuliza."

"Shangazi, nitajibu. Lakini mali inapokelewa kiisha kutajwa jina. Papa ametaja blanketi. Ametaja jembe. Ametaja mbuzi. Ile yenye kuimba ndani ya pikapu hajaitaja." Akamgeukia baba yake. "Papa, yule ni nani?"

Isidore akainama kufunga kamba ya kiatu. Alivaa makobazi.

"Emilie," baba yake akasema kwa sauti ya chini, "usinivunje mbele ya watu."

"Sikuvunji, Papa. Nimekupikia weye na rafiki zako miaka yote hii, na mudomo nimefunga. Leo njo mumeniuliza. Nami nakuuliza weye."

Papa Apollinaire aliutazama ukuta wenye maneno yake. Watu walidhani anatafuta hasira. Mimi nawaambia alikuwa anaaga. Siku alipomzika baba yake alirudi nyumbani peke yake, akaweka diski ile, na Mzee Majonzi ndiye aliyelia naye mpaka giza likaingia. Rafiki yule hakuwahi kuwepo.

"Weka tena," akamwambia Florent.

Florent akagusa kifungo. "Wapi, Papa? Tranti-trua?"

"Ile ya kweli."

Mwanamke akaimba. Papa Apollinaire alivuta kiti, akakaa, akasikiliza wimbo wote mpaka mwisho na macho wazi. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Maneno bado hakuna aliyeyajua. Lakini ilisikika wazi kwamba dada yule amemfukuza mtu nyumbani kwake, amemrushia na viatu vyake nje, na hajutii.

Sindano ikafika katikati, ikaanza kukwaruza.

"Ni mwanamuke," Papa Apollinaire akasema.

Akapangusa uso kwa kiganja. Kisha akaongeza, na ninaapa hakuna aliyemlazimisha: "Na anaimba kuliko yule muzee."

Mama Marthe akaanza kulia. Wanachama wakatazamana, wakaona prezida amehama, wakahama naye. Mmoja akasema yeye siku zote alisikia kitu cha mama ndani ya sauti ile. Isidore akainuka kutoka kwenye makobazi yake.

"Sasa nikikumbuka vizuri," akasema, "ile koti ilikuwa ya kike."

Shangazi Séraphine hakumpa nafasi. "Emilie, mara ya pili. Tupokee ao irudi?"

"Mupokee."

Kigelegele safari hii kilipanda mpaka mwisho. Papa Barthélemy akatupa blanketi mabegani mwa Mama Marthe. Florent akarudisha sindano mwanzo, na wanawake, waliokuwa wamekaa jikoni tangu klabu ianzishwe, wakatoka na miko yao mikononi wakaanza kucheza blues ya Kalemie kwa mwendo wake wa haki. Papa Apollinaire aliwatazama, na polepole mguu wake mmoja ukaanza kupiga chini, kama mguu wa mtu mwingine.

"Mara ya tatu," Shangazi Séraphine akasema kwa sauti juu ya muziki, akicheka. "Ya kufunga. Emilie, tupokee ao irudi?"

Emilie hakucheka. Alimgeukia Florent.

"Papa amesema kweli mbele ya watu, na nimeona vile imemuuma. Sasa weye. Umekuja hapa kila Siku ya Mungu. Umekaa na hawa wazee, umefunga macho sawa wao, umetikisa kichwa. Hii muziki, unaipendaka?"

Papa Barthélemy akafumba macho na midomo yake ikaanza kusali, maana yeye alijua, na wasomaji wangu wa tangu mwanzo wanajua pia, kilichomo ndani ya sanduku la Florent kule melini: diski za rumba tupu, zimefungwa ndani ya shati ili zisipigane. Akisema uongo, anampoteza binti. Akisema kweli, kuna kile kiapo cha baba yake kuhusu wapenzi wa rumba.

Florent akavua kofia.

"Emilie," akasema, "nilifunga macho sababu nilikuwa nalala. Mie ni mutu wa rumba."

Papa Apollinaire alinyoosha mkono, akaiondoa sindano juu ya diski. Wanawake wakabaki na miko hewani. Alimgeukia Florent, na Emilie alikuwa bado hajajibu mara ya tatu. Jibu lake, juma lijalo.